Mkate Usiopasuka: Maisha ya Mama Eliswa wa Puthenchira

Mheshimiwa Padre, jamaa na majirani, nanyi nyote mliovuka maji kuja kumsindikiza mama yetu: wasifu huu unasomwa na Ansamma, mke wa Thommachan, kwa sababu marehemu alitaka hivyo. Alisema watoto wake wa kuzaa wakiachiwa kazi hii watamtia sukari mpaka asijitambue, lakini mkwe aliyegombana naye jikoni kwa zaidi ya miaka ishirini atasema kweli. Basi Ansamma atajitahidi, na atakapokwama mtamvumilia.

Marehemu Eliswa alizaliwa tarehe 19 Novemba 1944 katika kijiji cha Muttar, Kuttanad, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mathan, mfanyabiashara wa mbata, na mama Kunjannam. Mama yake ndiye aliyekuwa akiitwa kila harusi ya upande ule wa mto ilipohitaji mpishi wa samaki na bata. Eliswa alibatizwa akiwa na siku nane. Inasemekana alilia tangu mlangoni mwa kanisa mpaka nyumbani, akanyamaza alipolazwa jikoni karibu na nazi zilizokuwa zikikunwa. Hadithi hiyo aliisimulia yeye mwenyewe, kwa hiyo ipokeeni na chumvi yake.

Alisoma shule ya parokia mpaka darasa la saba. Hesabu alizipenda, sala alizijua, ila mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku. Alipofika miaka kumi na minne mama yake aliumia mgongo, ikawa lazima mtu wa kukuna nazi na kusaga viungo apatikane, na mtu huyo akawa Eliswa. Hakulalamika sana. Kwa mama yake alijifunza kukamua tui zito na tui jepesi bila kuyachanganya, na kujua kwa kunusa tu lini vitunguu vidogo vimeiva kwenye mafuta. Alijifunza pia kwamba mchuzi mwekundu wa samaki, ule wa tunda chachu lililokaushwa kwa moshi, hauliwi siku uliyopikwa. Unaachwa ulale chunguni mpaka kesho yake. Atakayeuonja leo hana adabu, alisema Kunjannam, na neno hilo limewatesa watu wengi wenye njaa katika ukoo huu.

Tarehe 25 Januari 1965, siku ya Jumatatu, Eliswa alifunga ndoa na Kuriakose, kijana wa nyumba ya Puthenchira hapa Nedumthara. Kuriakose alikuwa mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache. Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nyumba ilikuwa mikononi mwa mama yake, Bi Rahel, ambaye maneno yake hayakuwa machache. Alikuwepo pia mdogo wake Kuriakose, Avira, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha chuma kule Bhilai, mbali kaskazini. Avira ndiye aliyekuwa mboni ya jicho la Bi Rahel. Akija likizo alichinjiwa bata wawili, na mmoja akiwa mwembamba ulizuka ugomvi.

Sasa, kila nyumba ya Wakristo wa kwetu inajua kipimo cha mkwe mpya ni nini. Si mchuzi, wala si wali. Ni mkate wa Alhamisi Kuu. Mchele na choroko nyeusi, nazi, jira na vitunguu, hamira hakuna, unapikwa kwa mvuke na msalaba wa ukuti wa Jumapili ya Matawi umelazwa juu yake. Jioni baba wa nyumba anausalia, anaukata, na kila mtu anapokea kipande chake kwa mikono miwili na kukichovya kwenye tui lililochemshwa na sukari guru. Mkate ukipasuka juu, wazee wanatikisa vichwa, kwamba mwaka huo nyumba itaona mambo.

Mwaka wa kwanza mkate wa Eliswa ulipasuka katikati.

"Ewe mwana wa Mathan," Bi Rahel alimwambia, "huu ni mkate, au shamba la kiangazi?"

Mwaka wa pili ulipasuka pembeni. Mwaka wa tatu ulipasuka kote. Bata akifa Juni, ni mkate wa Eliswa. Ukuta wa shamba ukibomoka maji yakaingia kwenye mpunga, ni mkate wa Eliswa. Kuriakose alipotegua kifundo cha mguu akishuka mtumbwini, alilala akiugulia, na mama yake akasimama mlangoni akisema, "Usiulaumu mtumbwi, mwanangu, mtumbwi hauna kosa." Watu walicheka, na Eliswa naye alicheka. Kisha alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Huyu alikuwa binti wa Kunjannam, mpishi wa harusi. Aibu ilimwingia mpaka kwenye mifupa.

Kwa miaka sita alilala na kuamka na mkate ule. Na mwaka wa 1971 aliupatia. Aligundua kwamba alikuwa akiloweka mchele muda mrefu mno, na kwamba matone yanayodondoka kutoka kwenye kifuniko ndiyo yanayouchubua. Akapunguza maji, akafunga kitambaa safi ndani ya kifuniko. Jioni ya Alhamisi Kuu, tarehe 8 Aprili 1971, alifunua chungu akaukuta mkate mweupe, umetulia, laini kama shavu la mtoto, na ukuti umekaa juu yake bila ufa hata wa unywele. Bado alikuwa ameshika kifuniko aliposikia kasia likigonga ngazi za nyuma.

Alikuwa Paili, mtumishi wa kanisa. Alivua kilemba.

"Dada Eliswa, Mama yuko wapi?"

"Yuko mbele, anawasha taa ya sala. Kuna nini?"

"Padre kapigiwa simu kutoka Bhilai. Avira hatunaye tena." Paili aliinamisha kichwa. "Homa ya matumbo. Amekufa jana, na leo asubuhi wamemzika huko huko, kwa sababu ya joto."

Wasiozaliwa kwenye nyumba zetu waelewe jambo moja: nyumba iliyofikiwa na msiba haili mkate wake wa Alhamisi Kuu. Haiupiki mwaka mzima. Majirani ndio wanaoleta wa kwao. Kama habari ingepita mlango ule, mkate ule usingekatwa.

Eliswa alimtazama Paili. Akautazama mkate.

"Paili, kaka yangu," alisema, "wameshinda na mfungo tangu asubuhi. Mama ni mtu mzima. Kuzikwa ameshazikwa, hakuna wa kumkimbilia. Waache wale kwanza. Zunguka, urudi saa mbili, na upitie mlango wa mbele."

Machozi yalimtoka Paili. "Dada, una moyo wewe," alisema, akageuza mtumbwi.

Wakakaa mkekani. Kuriakose akasali, akaukata mkate, akaanza na mama yake. Binti yao Lilly alikuwa na miaka mitano, mdogo wake Thommachan hajafika mitatu. Bi Rahel alichovya, akatia mdomoni, akanyamaza. Kunyamaza kwake si jambo lililokuwa likitokea mara kwa mara.

"Nani kaupika huu?"

"Mimi, Mama."

"Mwongo wewe." Akamaliza, akanyoosha mikono yote miwili tena. "Kuriakose, nikatie kingine. Marehemu mama mkwe wangu, aliyekuwa akinisimanga, angeuona huu angefunga mdomo wake." Akacheka, akalamba tui kwenye vidole.

Na Eliswa alifurahi. Hapa ndipo aliposisitiza kwamba msomaji asiruke, wala asipunguze sauti. Alijua kwamba Avira amekufa na yuko chini ya udongo, aliona mama wa Avira akicheka, na moyo wake Eliswa ulijaa furaha. Ilikuwa furaha ya muda mfupi, lakini aliila yote.

Saa mbili Paili alirudi kwa mlango wa mbele. Kilio kilichofuata wazee wa hapa wanakikumbuka.

Haikupita wiki, Paili aliwaambia watu. Hakuwa na nia mbaya. Aliona amebeba jambo zuri na hakuweza kulificha. Padre wa wakati ule alilitaja kwenye mahubiri, kwamba mama mmoja wa Nedumthara alibeba msalaba peke yake jioni nzima ili wengine wapate kula. Wanawake walikuja kumshika mikono. Kila Juma Kuu habari ile ilisimuliwa upya, na kila bibi harusi aliyeingia kijiji hiki aliambiwa, "Jifunze kwa Eliswa." Wengi wenu mlio hapa mmeambiwa hivyo, na labda mlikuja leo mkitarajia kuisikia tena. Wakati wowote ilipoanza kusimuliwa, marehemu aliinuka akaenda jikoni, na watu wakasema, tazama alivyo mnyenyekevu. Kumbe sifa zilikuwa zikimchoma. Alijua kwamba hakumwonea mtu huruma jioni ile. Aliuonea huruma mkate.

Aliyekaa kimya ni Bi Rahel. Baada ya misa ya siku ya arobaini alibeba mafiga matatu kutoka uani, akayapanga kwenye kona ya chini ya jiko, pembeni ya meko ya juu ya mkwewe. Akatoa chungu chake kidogo, akaanza kujipikia.

"Mama," Kuriakose aliuliza, "moto mmoja hautoshi nyumba hii?"

"Mimi na tumbo langu tunajuana," alijibu.

Tangu siku ile hakula tena chakula kilichotoka mkononi mwa Eliswa. Wanawake wawili walipika jiko moja, mgongo kwa mgongo, moshi wao ukitoka dirisha moja. Eliswa alipika mchuzi wa samaki, wali, mchicha wa nazi. Bi Rahel alipika uji wa mchele na choroko, siku zote uji na choroko, na kipande cha samaki kilichochemshwa tu. Walizungumza kupitia watoto, ingawa waliweza kufikiana kwa upawa.

"Lilly, mwambie mama yako haradali yake inaungua."

"Lilly, mwambie Bibi namshukuru, nimeshaiona."

"Mwambie akiiona mapema zaidi haitaungua."

Watoto nao waligeuza hali ile kuwa neema. Walikula kwa bibi kwanza, kisha wakaja kwa mama, na wote wawili wakauliza kwa mwenzake kulikuwa na nini. Ilichekesha, na marehemu mwenyewe alipoisimulia uzeeni alicheka. Lakini aliishi miaka kumi akiamini kwamba kila asubuhi mafiga yale yanamwambia kitu kimoja: najua ulichofanya.

Miaka hiyo hiyo ndiyo aliyopata jina kama mpishi. Alianza kwa kusaidia sikukuu ya parokia, kisha akaitwa kwenye harusi kama mama yake, na mpaka alipofika miaka ya sitini hapakuwa na harusi ya maana kati ya hapa na Champakulam iliyopikwa bata bila yeye kuulizwa. Alimkaanga bata kwa pilipili manga na vipande vya nazi mpaka mifupa ikatafunika. Alikuwa mkali. Wapishi wanaume waliomwita "dada" aliwasaidia, na waliomwita "mama mdogo, wewe kaa tu" aliwaachia chungu kiungue. Ila mtu akimsifu, "Eliswa, leo umepika," aligeuza uso kana kwamba ametukanwa. Watu walidhani ni maringo.

Na kwa kuwa msomaji ameruhusiwa jambo moja la kujifurahisha, atasimulia hili. Ansamma alipoolewa katika nyumba hii mwaka 1996, wiki ya kwanza alitaka kuonyesha usafi. Alikiona chungu cha mchuzi wa samaki, cheusi ndani, kinanuka moshi na uchachu. Akakisugua kwa sabuni na majivu mpaka kikang'aa kama sahani mpya, akakianika juani akajisifu. Marehemu alitoka nje, akakiona, akakaa chini palepale mlangoni.

"Mtoto wa watu," alisema kwa sauti ndogo, "unajua umeosha nini? Umeosha miaka kumi na minane."

Ansamma alilia siku mbili. Siku ya tatu mama mkwe alimpelekea chungu kingine kilichokolea, cha akiba, akamwambia, "Kila mtu jikoni ana lake la kujutia. La kwako ni dogo, limeletwa na sabuni tu. Nyamaza sasa, tupike." Wakati ule Ansamma hakuelewa maneno yale yalikotoka.

Alikuja kuelewa Februari mwaka huu. Marehemu alikuwa na maradhi ya moyo kwa muda mrefu, na baada ya Krismasi miguu ilimvimba na pumzi ikawa shida. Alilazwa hospitali ya Changanassery mara mbili, mara ya pili akaomba arudishwe nyumbani. Alikuwa hawezi kula zaidi ya uji mwepesi. Jioni moja Thommachan alikaa kando ya kitanda akimwambia, kwa nia ya kumfariji, kwamba siku itakapofika wasifu wake utasomwa vizuri na habari ya huruma yake itakuwa ya kwanza. Marehemu akasema, "Hiyo ndiyo msisome." Ndipo akawaeleza wote watatu, Thommachan, Ansamma, na Lilly aliyekuwa ametoka Kottayam, habari ya mkate kama mlivyoisikia. Akawaeleza na ya mafuriko, ambayo hakuna aliyekuwa akiijua.

Ilikuwa Julai 1981. Maji yalipanda mpaka ndani ya nyumba, kama yanavyofanya, lakini mwaka ule yalizidi. Kuriakose aliwahamisha watoto kwenye jengo la shule, na wanawake wawili wakabaki kulinda mbegu za mpunga na bata waliofungiwa kwenye roshani. Meko ya Eliswa ilikuwa ya juu, ikabaki kavu. Mafiga ya Bi Rahel yalizama yasionekane. Bi Rahel alikaa juu ya meza, miguu ameikunja, akila nazi mbichi. Eliswa alipika uji na choroko, akaweka bakuli kando yake pamoja na mchuzi wa jana. Bakuli likapoa. Akapika tena, likapoa tena.

"Mama, kula," Eliswa alisema. "Kama ni kunichukia, nichukie umeshiba."

"Nani kakwambia nakuchukia?"

"Mafiga yako yamesema, miaka kumi."

Bi Rahel alitazama maji. Hapo Eliswa alishindwa kuvumilia.

"Mama, siku ile sikuwaonea huruma. Paili alisema uongo bila kujua. Mkate ulikuwa umetoka mzima, mara yangu ya kwanza. Nilijua nikiutangaza msiba, mkate hautaliwa. Nilitaka uule wewe. Nilitaka uniambie ni mzuri. Basi, hakuna kingine."

"Nilijua," alisema Bi Rahel.

"Ulijua?"

"Mtu anayekuonea huruma anakuangalia macho. Wewe ulikuwa unaniangalia mdomo."

"Basi ndiyo maana ukasusa."

"Sivyo!" Bi Rahel alipiga meza kwa kiganja. "Mwana wa Mathan, huna akili. Avira nimemzaa mimi. Akiumwa jino Bhilai, mimi huku silali. Siku anaoshwa maji ya mwisho, siku anatiwa kaburini, moyo wangu haukunishtua hata kidogo. Mama gani huyo? Mtoto yuko udongoni na mimi nimekaa hapo nalamba vidole, naomba kipande cha pili. Nacheka! Kosa lako wewe ni la jikoni. Langu nilipeleke wapi? Chakula chako kila nikikinusa ni kitamu, na utamu ndio siutaki. Nikaamua nijipikie uji wangu mbaya, niule bila kufurahi. Wewe sikukufikiria hata."

Eliswa alisimama kwenye maji, upawa mkononi. Miaka kumi alikuwa amebeba adhabu ambayo hakuwa amepewa, na hakujua acheke au alie.

"Uji wako si mbaya sana, Mama."

"Ni mbaya. Hata bata wanajua."

Walicheka mpaka wakalia, na aliyelia zaidi hajulikani. Kisha Bi Rahel alivuta bakuli, akamimina mchuzi juu ya uji uliopoa, akala. Maji yalipopungua, mafiga yake hakuyatafuta. Alikula mkononi mwa mkwewe mpaka alipofariki tarehe 3 Februari 1986, na kijiko cha mwisho cha maji ni Eliswa aliyemnywesha. Ila alimwomba jambo moja: watu wasiambiwe. "Wakijua wewe ulitaka sifa," alisema, "watauliza na mimi nilikula vipi." Eliswa akanyamaza kwa ajili yake. Na baada ya Bi Rahel kufa akaendelea kunyamaza, kwa ajili yake mwenyewe, maana kuvua sifa isiyo yako mbele ya parokia nzima si kazi ndogo. Hilo nalo alilihesabu kuwa kosa, na aliwaambia watoto wake hivyo: la kwanza nililifanya kwa dakika moja, la pili nimelifanya miaka hamsini.

Thommachan hakukubali. "Mama, watu wanaipenda habari ile kama ilivyo. Imewafaa wengi. Iache ilale."

"Kama ni kulala, imelala vya kutosha," alisema marehemu. "Ansamma atasoma. Nikifika huko Avira ataniuliza. Nataka niwe na la kumwambia."

"Na Bibi je? Unamfichua na yeye?"

"Bibi yako alikuwa mama. Atakayemcheka kwa kula, huyo hajawahi kuzaa."

Kisha Lilly akasema, "Mama, mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka mitano."

"Unakumbuka nini wewe?"

"Kilio nakumbuka kidogo. Mkate naukumbuka wote. Ulikuwa laini, hauna mfano, na sijala mwingine kama ule. Sijawahi kusema kwa sababu ya Baba Mdogo Avira. Niliona ni dhambi kukumbuka utamu wa siku ile."

Marehemu alifumba macho. Waliokuwepo walidhani amechoka, Ansamma akaanza kumfunika shuka.

"Lilly," alisema. "Sema tena."

Lilly alisema tena. Alisema na kesho yake, na kila alipoombwa.

Marehemu Eliswa alifariki nyumbani hapa Puthenchira asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Machi 2024, akiwa na miaka sabini na tisa, baada ya kupokea sakramenti zote. Mumewe Kuriakose alimtangulia mwaka 2009.

Ameacha watoto watatu: Lilly na mumewe Jorji wa Kottayam, Thommachan na mkewe Ansamma, na Sabu wa Muscat na mkewe Regina, wajukuu watano, kitukuu mmoja, na mdogo wake wa kike, Sista Filomina.

Alhamisi, si hii ijayo bali ile inayofuata, ni Alhamisi Kuu, na nyumba ya Puthenchira haitapika mkate. Majirani mtakaotuletea wa kwenu tunawashukuru mapema, na uliopasuka pia tutaupokea. Familia inaomba jambo moja tu. Wakati wa kutupa udongo, msimsifu mama yetu kwa huruma ya usiku ule, kwa sababu alikataa mwenyewe. Wale aliowapikia harusi, sikukuu na misiba, na mnajua mlikula nini, semeni hilo, na semeni kwa sauti. Bwana ampokee mezani pake, naye apumzike kwa amani.